Simu Ikilala Kifudifudi

Siku Mama Zipu alipoingia kwa mara ya kwanza kwenye kibanda cha Fundi Miwani, hakuwa na miwani ya kutengeneza. Alisimama mlangoni akakikagua kibanda kama mtu anayetaka kukinunua. Kilikuwa ndani ya uchochoro, hakikuwa na dirisha la mbele, na wapita njia walidhani ni stoo ya duka jirani. Akaridhika. Mtu wa kupatana naye vizuri ni yule mwenye shida inayoonekana.

Walikuwa wakijuana kwa sura tu. Mtaa mzima wa vifaa vya ushonaji ulimjua Mama Zipu, mjane mwenye duka dogo la kona, muuza zipu, vifungo, nyuzi na sindano za cherehani. Jina alilipata kwa biashara yake, likamganda kwa sababu ya mdomo wake, ambao haukufunguliwa ovyo. Fundi Miwani naye alijulikana kwa jambo moja zaidi ya miwani: ujana wake aliumalizia ng'ambo, kwenye mji wa viwanda ambako zipu za mtaa ule zilitoka, na lugha ya huko aliisema kama maji.

"Nataka unifundishe ile lugha," Mama Zipu alisema.

Fundi alicheka mpaka bisibisi ikamponyoka. Akamuuliza, mama yangu, zama hizi nani bado anajifunza lugha? Akaitoa simu mfukoni, akaiambia neno, nayo ikamrudishia kwa lugha ile, kwa sauti ya msichana mwenye mafua. Akaeleza sifa zake kama mtu anayeposea mwanawe: haichoki, haidai ada, haisahau, na inajua lugha nyingi kuliko mabalozi. Zamani yeye mwenyewe watu walimbishia hodi awatafsirie maelezo ya mashine na barua za wauzaji. Siku hizi hata salamu hawampi.

"Simu inatafsiri unachoipa," Mama Zipu alimjibu. "Mimi nataka ninachonyimwa."

Hapo Fundi akaacha kucheka, wakaanza kupatana. Yeye alikuwa na lugha isiyonunuliwa tena, na Mama Zipu alikuwa na meza ya kioo inayotazama barabara kuu. Fundi alitaka nusu ya meza. Mama Zipu akampa pembe. Fundi akasema pembe haitoshi hata fremu za watoto. Mama Zipu akafunga mkoba wake, akaaga. Alipofika mwisho wa uchochoro akasikia anaitwa, akarudi taratibu ili isionekane alikuwa akisubiri kuitwa. Wakaafikiana: pembe ya meza na kiti kimoja nje, kwa somo kila jioni kabla ya kufunga. Mama Zipu akaongeza masharti mawili. Kwanza, asijue mtu, hata paka wa dukani. Pili, asipotezewe muda kufundishwa kuagiza chai na kuuliza njia ya stesheni.

"Nifundishe watu wanavyosengenyana," alisema.

Sababu yake ilikuwa na umri wa miaka kadhaa, na kila mwaka ilizidi kukomaa kama jipu. Mumewe ndiye aliyekuwa wakala wa kiwanda kile. Duka kubwa lilikuwa lao wawili: yeye akisimama kaunta, mume akipokea mzigo ghalani na kumkaribisha mwenye kiwanda kila alipokuja, mzee mmoja mpole ambaye mtaani waliishia kumwita Mzee wa Kiwanda. Mume alipofariki, Mzee alikuja kabla udongo wa kaburi haujakauka, akafuatana na mpwa wake. Mdogo wa marehemu, Shemeji, ndiye aliyekuwa na lugha. Alikuwa ameisoma huko huko ng'ambo, na alipenda watu wajue. Kwa hiyo yeye ndiye aliyekaa katikati kama daraja.

Mama Zipu aliyakumbuka mazungumzo yale yote, isipokuwa maneno. Mzee aliongea kwa kirefu huku akimtazama yeye machoni, mkono kifuani. Shemeji akatafsiri: anasema pole. Mzee akauliza kitu. Shemeji akajibu mwenyewe, bila kumgeukia. Kisha akaongeza jambo akimwelekezea kidevu, na yule mpwa akacheka mpaka akashika meza. Mzee alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, kama mtu aliyepewa chai isiyo na sukari na kuona haya kusema.

"Shemeji yangu," mdogo wa marehemu alimwambia baadaye, "kiwanda kimekataa kumpa uwakala mtu asiyejua lugha yao. Nimewabembeleza, wapi. Itabidi liandikwe jina langu, lakini mali ni yetu."

Hiyo "yetu" haikumaliza hata msimu. Duka kubwa na ghala vikawa vya Shemeji. Mama Zipu akatoka na meza ya kioo na cherehani yake, akafungua pale kona, akawa ananunua kwa jumla kutoka kwa mtu aliyekuwa akimwomba nauli. Lakini alikulia kwenye vitambaa, na kitambaa kikiingia kirefu kikatoka kifupi, kuna aliyekata kipande. Maneno ya mkono kifuani hayawezi kuwa "pole" peke yake. Alitaka kujua kipande kilichokatwa ni kipi. Alitaka pia kujua walicheka nini. Na zaidi ya kujua, alitaka Shemeji aumie, tena aumie mbele za watu, kwenye chumba kile kile. Hilo hakulificha moyoni mwake wala hakulitafutia jina zuri.

Masomo yalimtesa. Ulimi wa mtu mzima ni kama zipu yenye kutu, unavuta mpaka meno yanang'oka. Alitaja rangi za vifungo huku akivipanga, akagombana na cherehani kwa lugha ya watu, akajifunza matusi kabla ya siku za wiki. Fundi alikuwa mwalimu mkorofi. Alimpa mgongo, akatia skrubu za miwani mdomoni, kisha akanung'unika haraka haraka na kumtaka arudie. Akimlalamikia, alijibiwa kwamba watu halisi hawaongei kama redio, wanaongea huku wanatafuna.

Katikati ya mateso hayo Fundi alimshauri ajaribu njia ya mkato: wageni wakija, aifiche simu mapajani chini ya mtandio, isikilize na kumwandikia. Mama Zipu hakuwa mtu wa kukataa cha bure. Akaijaribu. Watu wanne wanaongea kwa pamoja, feni inaguna, vikombe vinalia, na simu ile ikamwandikia kwamba farasi wa binamu ameolewa mara mbili. Yeye na Fundi walicheka siku nzima. Kesho yake wakarudi kwenye skrubu mdomoni.

Wageni walikuja mara moja kila mwaka, na kila mara Mzee aliomba kumwona mke wa rafiki yake. Shemeji hakuweza kukataa, basi humwita, humkalisha kwenye kiti cha pembeni ofisini juu ya ghala, humpa chai, na kumwonyesha kama picha ya ukutani. Siku hizo hata kutafsiri hatafsiri tena. Amenunua simu kubwa, anaisimamisha katikati ya meza kama mgeni rasmi. Mtu anasema, simu inasema. Shemeji mwenyewe aliitumia kuzungumza na wageni, ulimi ukiwa umelala, na alipenda kusema kwamba miaka aliyoipoteza ng'ambo akikariri maneno angeitumia kufuga kuku angekuwa tajiri.

Meza ile ilikuwa na desturi yake, isiyotangazwa na mtu. Wakitaka kushauriana, au kumteta aliyepo, mmoja huilaza simu kifudifudi. Simu ikilala, mlango umefungwa. Mgeni huona adabu kutazama kwingine, na mwenyeji hupuliza chai. Wote waliamini kwamba mtu ambaye simu haimsemeshi hayupo.

Ulikuwa mwaka wa tatu wa masomo ndipo maneno yalipoanza kuingia yakiwa mazima. Mpwa aliilaza simu. Mzee akamtazama Mama Zipu, akasema kwa sauti ya chini kwamba mke wa rafiki yake anaonekana amechoka. Akauliza kama bado hautaki uwakala wake. Alikumbusha alivyosema siku ile, kwamba kiti cha wakala ni cha mjane mpaka yeye akikatae kwa mdomo wake.

Shemeji akajibu, kwa maneno yaliyokwaruza lakini yakafika, kwamba alikwisha kukataa, anataka kupumzika, na yeye ndiye anayemlisha. Akamsihi Mzee asilitaje mbele yake, kwani akikumbushwa huangua kilio.

Kipande kilichokatwa kikawa kimepatikana. Mama Zipu alipuliza chai.

Shemeji alikuwa mtu wa mzaha mmoja. Akiupata, anautumia mpaka ulainike kama sabuni ya mwisho. Mpwa akamchokoza arudie ile ya kibao. Naye akarudia: kaka yangu aliniachia vitu viwili, duka na kibao cha duka. Duka mmeliona huko chini. Kibao ndicho hiki kimekaa. Kina jina la duka, lakini chenyewe hakijui kusoma.

Mpwa akashika meza, vile vile kama siku ile. Chai ilikuwa ya moto, lakini Mama Zipu aliimeza yote kwa mkupuo, ili macho yake yakilengwa machozi yawe na kisingizio. Kisha simu ikasimamishwa, na yule msichana mwenye mafua akamwambia: Mzee anasema umependeza.

"Asante," Mama Zipu alisema. "Mwambie naye hajazeeka."

Jioni ile Fundi Miwani alitegemea kumkuta analia, akamkuta anapanga mzigo. Katika maneno ya kifudifudi kulikuwa na jingine: kiwanda kitaacha kutengeneza zipu nene za chuma, zile za mabegi na makoti. Mama Zipu alizikusanya kutoka kwa kila muuzaji mtaani akijifanya hamnazo. Zilipoadimika, mafundi wa mabegi walikuja kona wakipanga foleni, na Shemeji mwenyewe alituma mtu kununua. Alimuuzia kwa bei ya mtu asiyempenda.

Hapo ndipo Fundi alipomwomba aache habari ya kisasi. Fundi alikuwa mtu wa hesabu pia. Alimwambia, dada yangu, sikio lako ni ng'ombe wa maziwa. Siku utakapofungua mdomo wako mbele yao, hawatailaza tena simu, watatoka nje kabisa. Utakuwa umemchinja ng'ombe kwa ajili ya hasira ya siku moja.

Mama Zipu alilifikiria. Hakuwa mjinga, alijua maneno yale ni ya haki. Kila mwaka wa kunyamaza ulikuwa faida, na faida ndiyo iliyomsimamisha. Akanyamaza mwaka mwingine, akasikia mengine, akafaidi tena. Lakini kila aliporudi kwenye kiti kile cha pembeni, kibao kilirudiwa, na mpwa alishika meza.

"Wapo ng'ombe," alimjibu Fundi hatimaye, "wanaofugwa kwa ajili ya siku moja tu."

Siku hiyo ililetwa na Shemeji mwenyewe, mikononi mwake. Alikuja dukani kona, jambo alilokuwa hajalifanya, akaleta kitambaa cha gauni kilichofungwa vizuri. Aliketi kwenye kiti cha Fundi, akalalamika magoti, akasifu usafi wa duka. Ndipo likatoka. Alitaka uwakala uandikwe kwa jina la mwanawe, na Mzee, kwa ukaidi wake wa kizee, alitaka kwanza kusikia kutoka kwa mjane.

"Jambo dogo tu, shemeji yangu. Atakuuliza habari za afya, hivi na hivi, wewe unatikisa kichwa. Nitakutafsiria mimi mwenyewe. Mambo ya heshima hayafai kusemwa na mashine."

Mama Zipu alikipapasa kitambaa, akakijua ni masalio ya msimu uliopita. Akasema atakuja.

Alimwelewa mara moja. Simu haina shemeji. Ingemfikishia swali la Mzee kama lilivyo. Kwa hiyo simu ilibidi ilale, na Shemeji arudi kuwa daraja, kwa ulimi alioulaza miaka yote hiyo. Usiku wa kuamkia siku yenyewe yeye alilala vizuri. Shemeji, walisema baadaye nyumbani kwake, alikuwa chumbani akikariri kama mtoto wa shule.

Ofisini walikuwa wale wale: Mzee, mpwa, Shemeji, na safari hii mwanawe, amevaa tai. Shemeji aliilaza simu yeye mwenyewe, taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto. Mzee akavuta kiti akamkabili Mama Zipu, akaweka mkono kifuani. Akamuuliza, kwa lugha yake, kama anaukataa uwakala kwa hiari yake, bila kulazimishwa na mtu.

"Anauliza kama afya yako ni njema," Shemeji alisema.

"Sikusikia vizuri. Anauliza nini?"

"Afya, shemeji. Afya yako."

Alitaka aseme mara mbili, na akasema. Mama Zipu akaweka kikombe chini, akamgeukia Mzee, akaongea lugha ya Mzee. Hakuongea kwa ufasaha wa kupendeza. Aliongea kama Fundi Miwani mwenye skrubu mdomoni, kwa lahaja ya watu wa viwandani, haraka. Alimwambia kwamba ameulizwa kuhusu afya yake, na afya yake ni njema. Kuhusu uwakala, hakuukataa siku ile, kwa kuwa hakuulizwa. Hajawahi kupumzika hata siku moja. Anayemlisha ni mikono yake. Na akiulizwa leo, na mwenye kuuliza mwenyewe, jibu lake ni kwamba anautaka.

Shemeji alikuwa amedaka neno hapa na neno pale, kama mtu anayekimbilia gari lililokwisha kuondoka. Sentensi zake za kukariri zilikuwa za kuuliza na kushukuru. Za kujitetea hakuwa nazo. Akanyoosha mkono, akaisimamisha simu. Hilo nalo Mama Zipu alilisubiri. Akamtazama mpwa, akamwambia kwa lugha ile ile kwamba ana habari kwa wapenda mzaha. Akaitoa, kisha akanyamaza, akiipa simu nafasi. Simu ilikuwa nyuma kwa sentensi moja. Ikafikiri, ikakohoa, na msichana mwenye mafua akamwambia Shemeji kwa Kiswahili safi, mbele ya mwanawe mwenye tai:

"Kibao kimejifunza kusoma."

Safari hii mpwa alishika meza bila kucheka. Mzee alimuuliza Shemeji swali fupi. Shemeji akafungua mdomo, lugha ikagoma, akaitazama simu, na simu haikuwa na la kumsaidia, kwa maana haijapewa kitu. Mzee akasubiri mpaka ile aibu ikaiva. Kisha akamsogezea Mama Zipu karatasi za uwakala.

Mama mkwe alituma ujumbe kwamba amemvua nguo mwanawe mbele ya wageni. Mama Zipu akajibu kwamba alichukua tu zile alizovuliwa yeye kwanza. Tangu hapo ndugu wa mume hawamwaliki. Harusi zinapita, misiba inapita, anasikia kwa majirani. Hilo lilimgharimu kuliko alivyokadiria, lakini hakulalamika, maana bei alikwisha kuikubali.

Ghala likawa lake. Shemeji akabaki na kibanda mwisho wa mtaa, na kwa kuwa wakala ni mmoja, hununua kwake, kwa masharti yale yale aliyompa yeye enzi zake, bila kuongeza wala kupunguza. Akija, Mama Zipu huisimamisha simu kaunta, akamsemesha kwa lugha ya ng'ambo, na kumwacha asubiri tafsiri. Wateja wengine huangalia pembeni. Mara ya kwanza Shemeji alimwambia, "Tunaongea lugha moja mimi na wewe, kwa nini unifanyie hivi?" Mama Zipu alingoja simu imtafsirie, ndipo akajibu, tena kwa lugha ile, kwamba mambo ya heshima hayafai kusemwa na mtu.

Ng'ombe naye alichinjwa kweli, kama Fundi alivyoonya. Wageni siku hizi wakitaka kushauriana wanatoka hadi kwenye ngazi, na mpwa humwamkia Mama Zipu kwa adabu ya mtu anayepita karibu na mbwa. Msimu uliofuata kiwanda kilipandisha bei, naye akashtukizwa kama wengine, ghala likiwa nusu tupu. Alikaa juu ya boksi la vifungo, akapiga hesabu ya alichopata na alichopoteza, akasema angefanya vile vile.

Kwa Fundi Miwani hakuleta upendeleo. Masomo yameisha, mapatano yameisha. Pembe ya meza akaiwekea kodi. Fundi alinung'unika kwa lugha zote mbili, kisha akabandika tangazo la kufundisha lugha. Wauza duka wa mtaa mzima, waliokuwa wakimcheka, wakaanza kupanga zamu kwenye kile kiti cha nje, kila mmoja akimwomba asimwambie mwenzake.

Mwanafunzi anayelipa vizuri kuliko wote ni Shemeji. Anakuja asubuhi, anakipa kioo cha duka mgongo, anakariri. Mama Zipu alipogundua hakumfukuza. Alipandisha kodi ya pembe, ili ada ya Shemeji ikiingia kwa Fundi itoke sehemu kubwa ije kwake. Mwanzoni aliburudika kumsikiliza kupitia kioo akijikwaa. Lakini juzi alimsikia akitoa sentensi ndefu, ya kujitetea, tangu mwanzo hadi mwisho, bila kukwama na bila simu.

Kidogo baadaye Mzee wa Kiwanda alipiga, ana neno la siri kuhusu mzigo unaokuja. Mama Zipu aliipokea, akatazama ule mgongo wa Shemeji nje ya kioo. Akamwambia Mzee asubiri, akatoka na simu hadi uani, na akafunga mlango nyuma yake.